Siku ya Babu Nilikaa Nje

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua niliishia wapi: nimeketi barazani juu ya mkeka, blanketi mabegani, najitia niko mwezini, huku ndani mama mkwe anapika peke yake chakula cha ukoo mzima. Kwa asiyesoma, mambo yenyewe ni haya.

Mume wangu Khagendra alipanda ndege kwenda Qatar mara tu baada ya sikukuu ya taa. Wiki kadhaa baadaye ikafika siku ya kumbukumbu ya babu yake. Siku hiyo mpishi ni mke wa mjukuu, yaani mimi. Unafunga, unaoga maji ya baridi jua halijatoka, unapika wali na dengu na mboga za kila namna, kuhani anakula, ukoo unakula, halafu wewe unakula kilichobaki kwenye sufuria. Nami nilikuwa nimechoka mwili mzima, uchovu nisioujua umetokea wapi. Nikasema neno moja ambalo kwetu hakuna mtu anayelihoji.

"Mama, nimekaa nje."

Kwetu mwanamke aliye mwezini haingii jikoni, hagusi mtungi wa maji, hasogelei mahali pa sala, wala hagusi mtu aliyeoga kwa ajili ya ibada, na mtu huyo naye hamgusi. Anakaa nje siku nne mpaka aoge. Hakuna anayekuomba ushahidi. Mama alinirushia mkeka kutoka mbali, nikalala usingizi ambao sijaulala tangu niolewe.

Uongo ule ulikuwa mtamu, sikatai. Lakini kuna jambo moja sikulifikiria nilipokuwa nakoroma pale barazani. Siku zangu za kweli zilikuwa hazijaja tangu Khagendra aondoke.

Na ziliendelea kutokuja.

Sasa niwaambie ubaya wa nyumba kama yetu. Mwezi wa mwanamke si wake peke yake. Ukikaa nje wote wanaona, na usipokaa nje wanaona vilevile. Baba mkwe, ambaye kutwa masikio yake yako kwenye redio, anajua kwa kuangalia ni mkono wa nani umemletea chai. Jirani anajua kwa kuangalia ni nani anateka maji bombani.

Mama alikuja kusimama mlangoni pa jikoni siku moja asubuhi, nami nakatakata vitunguu.

"Rewati."

"Abee, Mama."

"Naona unapika tu."

"Napika, Mama."

"Ulikaa nje siku ya babu. Tangu hapo mwezi umekwisha, na huu mwingine umeanza kwenda."

"Labda ni hii baridi, Mama."

"Baridi inazuia nguo kukauka. Hayo haiyazuii."

Aliniangalia kidogo, kisha akaenda zake kukamua ng'ombe. Sikumwelewa mara moja. Nilifikiri ananishuku nina mimba tu, na mimba kwa mke wa mtu si kosa. Nikaendelea na vitunguu vyangu. Ndipo akili ikanijia, kisu kikasimama.

Kama nina mimba, ni ya Khagendra, ya kabla hajaondoka. Hilo nalijua mimi. Lakini nyumba nzima, ukoo mzima na kuhani wao waliniona nimekaa nje siku ya babu, Khagendra akiwa Qatar tayari. Kwa hesabu yao tumbo langu lilikuwa tupu siku ile. Sasa likijaa, limejazwa na nani?

Nilikaa chini palepale kwenye maganda. Sikulia. Nilikuwa na hasira mno, hata machozi hayakupata nafasi. Kwa siku chache za usingizi nilikuwa nimejivua mume.

Na huenda hata mimba yenyewe haipo! Hilo ndilo lililokuwa linanitia wazimu. Huenda ni baridi kweli, au mawazo, au mwili umeamua kunichezea. Nikiungama uongo wangu kisha damu ije kesho, nitakuwa nimejianika bure. Nikinyamaza na tumbo likatokeza, nitafukuzwa. Kwanza nijue moja.

Nikashuka sokoni kununua kipimo.

Duka la dawa la sokoni ni la Lokraj, ambaye mama yake na baba mkwe wangu ni watoto wa tumbo moja. Aliniona nikiwa bado ng'ambo ya barabara.

"Shemeji, karibu! Khagendra mzima? Nikupe nini?"

Kwenye benchi walikuwa wamekaa wanawake wawili wa kwetu wanasubiri kudungwa sindano. Wote wakaniangalia mdomo.

"Dawa ya kikohozi," nikasema.

"Ya kikavu au ya makohozi?"

"Ya... yote."

Nikarudi na chupa. Kesho yake nikashuka tena, nimepiga moyo konde. Safari hii kwenye benchi kulikuwa na kuhani. Nikarudi na chupa ya pili. Jioni Mama akaniuliza kwa nini soko zima linampa pole ya kikohozi changu, na mbona yeye hajanisikia nikikohoa. Nikakohoa.

"Hiyo umeilazimisha," akasema.

Ikabidi nimweleze Anupa, mdogo wake Khagendra. Anasoma chuo mjini Waling, tunalala chumba kimoja tangu kaka yake aondoke. Sikumwambia lolote kuhusu siku ya babu. Nilimwambia tu nimepitiliza, na ninahitaji kipimo.

"Mimi nikanunue?" akasema. "Wifi, mimi sijaolewa. Nikionekana nimeshika hicho kitu, kesho yake wananioza kwa mjane mwenye meno mawili."

"Waling hawakujui."

"Waling kuna shangazi, kuna binamu, kuna mwalimu aliyemfundisha Baba. Waling ndiko wananijua kuliko hapa."

"Vaa barakoa. Na hili vumbi, kila mtu anavaa."

"Unanipa nini?"

"Nitakufulia sare mpaka umalize chuo."

Akaenda. Akarudi nacho kimefichwa ndani ya soksi. Nikaingia chooni, nikafanya kila kitu kama ilivyochorwa kwenye pakiti, nikatoka. Tukajibanza nyuma ya zizi, vichwa pamoja.

"Inasema nini?" akauliza Anupa.

"Haisemi kitu."

"Mstari mmoja ni hakuna. Miwili ni ipo."

"Hakuna hata mmoja."

"Labda umekojoa vibaya."

"Kuna kukojoa vibaya?"

Tukangoja. Ng'ombe akageuka kututazama. Kile kikaratasi kikabaki cheupe pee. Nikageuza pakiti na kuona tarehe. Kilikuwa kimekwisha muda wake tangu mwaka juzi.

"Anupa! Hukusoma?"

"Nisome na nini? Nilikuwa nimejifunika mpaka macho."

Nilikitupa kwenye samadi. Kuwa na mimba ni jambo moja, kutokuwa nayo ni jingine, lakini hili la katikati ndilo linaloua mtu. Unajishika kifua, kinauma, unasema ndiyo. Unashika tumbo, linanguruma kwa njaa, unasema hapana. Unakwenda chooni mara kumi ukiomba uone doa. Ukiwa huko huko chooni unaingiwa na huruma kwa mtoto ambaye huna hakika kama yupo, unaomba usilione.

Ijumaa Khagendra huwa hafanyi kazi. Nikapanda na simu hadi kwenye ngazi za shamba la juu, ambako mtandao hushika, nikampigia. Nilijiambia: huyu ndiye mwenye mimba, huyu atacheka, ataniambia mpumbavu we, na yataishia hapo.

"Khagendra, nadhani nina mimba."

"Nini? Kweli?" Nilimsikia akisimama. "Rewati, kweli?"

"Sina hakika. Sijaona siku zangu tangu uondoke."

Nikadhani mtandao umekata.

"Tangu niondoke?" akauliza polepole.

"Ndiyo."

"Mama alinipigia siku ya babu. Analalamika mgongo. Alisema, 'Mkeo amekaa nje, nimepika peke yangu.' Nilisikia kwa masikio yangu."

"Nilidanganya."

"Ulidanganya nini?"

"Sikuwa mwezini. Nilikuwa nimechoka, nikasema nimekaa nje ili nisipike."

"Siku ya babu yangu?"

"Khagendra..."

"Hapa chumbani tuko sita. Mwenzetu Narbahadur alipopata habari kwamba mkewe ana mtu, alikaa wiki hajala. Tulimshika mikono asijirushe ghorofani. Na yule mkewe naye alikuwa na maelezo yake."

"Mimi si mke wa Narbahadur."

"Kama ulimtazama mama yangu usoni siku ile ukamdanganya," akasema, "leo huoni hata uso wangu. Utashindwa nini?"

Akakata. Nilipiga tena na tena, hakupokea. Nilitamani kuibamiza ile simu kwenye jiwe. Mwaka mzima wa ndoa, na sikupewa hata dakika tano za kuaminiwa. Na mwenye kosa ni nani? Ni mimi, na hilo lilizidi kunichoma.

Nikageuka nishuke. Mama alikuwa amesimama ngazi moja chini yangu, mzigo wa majani kichwani, mundu mkononi. Sijui alifika saa ngapi.

"Rudia," akasema.

"Mama..."

"Rudia ulichomwambia mwanangu."

Nikarudia. Yote. Aliutua mzigo polepole, akajishika mgongo.

"Ama ulidanganya siku ile, ama unadanganya leo. Chagua."

"Siku ile, Mama. Naapa."

"Ukisema siku ile, umemdharau babu. Ukisema leo, umemdharau mume wako. Mimi hapa nikutetee kwa lipi?"

Hakuniacha nijibu. Alijitwika majani yake akashuka, nami nikamfuata nyuma kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Tulipofika uani akamwita Anupa na kumuuliza bila kuzunguka: wifi yako ana mtu?

Anupa aliniangalia, akamwangalia mama yake. Hakuwa anajua mambo ya siku ya babu kwa mdomo wangu. Lakini mtoto yule ana macho.

"Mama," akasema, "siku zile za babu, wifi hakuanika kitu."

"Hakuanika nini?"

"Vitambaa. Kamba ya nyuma ya zizi ni yangu na yeye tu. Siku zote nne ilikuwa tupu. Niliona, nikashangaa."

"Ukaona ukanyamaza?"

"Ulikuwa umekasirika na mgongo wako. Nani angekusogelea?"

Mama alikaa kwenye kizingiti. Nilisubiri matusi. Nilisubiri hata mundu.

"Lile sufuria nililibeba peke yangu," akasema mwishowe. "Peke yangu, Rewati. Na wewe unakoroma. Nilikusikia unakoroma, nikasema maskini, tumbo linamuuma."

Hapo ndipo nililia. Kama angenitukana ningevumilia.

Baba mkwe, ambaye sikujua kama anasikia, akapunguza sauti ya redio. "Kwa hiyo tutapata mjukuu," akasema. Kisha akaiongeza tena.

Asubuhi Mama aliniwekea bakuli la mtindi na samli, akasimama juu yangu mpaka nikalimaliza.

"Watu wa ukoo wakianza kuhesabu miezi," akasema, "nitawaambia siku ya babu ulikuwa na homa, mimi ndiye niliyekuweka nje. Watanibishia mimi?"

"Hapana, Mama."

"Mimba yenyewe una hakika?"

"Sina, Mama. Kipimo kilikuwa kibovu."

"Vipimo vya nini? Nimekuona juzi unakula chokaa ya ukutani. Nilikula hivyo hivyo kwa Khagendra."

Nilitaka kusema ile chokaa niliikwangua kwa mawazo tu. Sikusema. Nilikuwa nimeshachoka kutoaminiwa, na hapa mtu ananiamini, hata kama ananiamini kuliko ninavyojiamini mwenyewe.

Akachukua simu, akampigia mwanawe, tena kwa sauti ya kuamsha kijiji.

"We Khagendra! Mkeo hana kosa unalolifikiria. Kosa lake ni uvivu, na hilo nitalimaliza mimi mwenyewe. Anupa ni shahidi. Muombe radhi."

Khagendra alilia kwenye simu. Alisema samahani mara nyingi hata nikamwonea haya. Alisema wenzake wote watano wamenunua peremende. Alisema kama ni wa kike apewe jina la bibi yake. Mama akasema keshokutwa ni siku nzuri, atatuwashia taa mahali pa sala, anipake alama nyekundu kwenye paji la uso na kumkabidhi mtoto kwa babu, ili babu naye asahau. Khagendra atazame kwenye simu.

Siku mbili zile nilitembea sigusi chini. Niliimba jikoni. Nilibeba sufuria lile kubwa bila kuambiwa, Mama akanipokonya. Nilianza kuzungumza na tumbo langu, mimi Rewati, niliyekuwa nacheka wanaofanya hivyo.

Siku ya kuwashiwa taa niliamka na maumivu chini ya kitovu. Nikasema ni mtindi. Nikaenda kuoga, nikavaa sari nyekundu ya harusi. Maumivu yakashuka kiunoni. Nikaenda chooni.

Damu.

Niliiangalia kama mtu anayeangalia barua ya kijiji kingine. Haikuwa doa. Ilikuwa nyingi, na nyeusi kuliko nilivyozoea. Ni siku zangu zilizochelewa tu, zimekuja na hasira zake? Au ni mtoto anaondoka? Hakuna aliyewahi kuniambia mtu anatofautishaje. Wiki nzima za kuomba nijue moja, na sasa nimejibiwa kwa lugha nisiyoielewa.

"Rewati!" Mama aliita kutoka ndani. "Taa inakungoja!"

Nilijifunga vitambaa, nikatoka. Mahali petu pa sala ni kona ya jikoni, upande wa jua kuchomoza. Mama alikuwa ameoga, nywele bado zinachuruzika, sahani ya maua na unga mwekundu mkononi. Anupa ameshika simu juu, na ndani ya simu yumo Khagendra, amechana nywele, amevaa shati jipya.

"Mke wangu kapendeza," akasema Khagendra.

Nilifika mlangoni, nikasimama.

"Ingia basi," akasema Mama. Alikuwa anatabasamu. Nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake ya nyuma. "Ingia, mwanangu. Leo hata sufuria hubebi."

Nilifikiria kuingia tu. Nani angejua? Mambo haya siyaamini sana, mengine nayacheka na Anupa. Lakini siku ya babu nilikaa nje bila damu, na leo niingie mbele ya babu huyo huyo nikiwa nayo? Mguu ulikataa.

"Mama," nikasema, "siwezi kuingia."

"Kwa nini?"

"Nimekaa nje."

Tabasamu halikutoka mara moja. Lilibaki pale usoni halina kazi.

"Kuna nini?" Khagendra akauliza. "Amesema nini? Anupa, sogeza simu."

Mama alikuja hadi mlangoni, sahani bado mkononi, akanitazama kuanzia kwenye sari mpaka miguuni. Akasema kwa sauti ndogo ambayo simu isingeisikia.

"Rewati. Ya uongo ni hii, au ni ile?"

Nilifungua mdomo nimwambie inauma, inauma sivyo, naomba mnipeleke kituo cha afya. Maumivu yakaniwahi. Nikauona mlango unainama.

Mama aliiachia sahani, maua na unga mwekundu vikamwagika sakafuni, akanyoosha mkono anidake. Halafu akausimamisha hewani, nusu ya njia. Akiniamini, basi nina damu, na yeye ameoga kwa ajili ya taa, hatakiwi kunigusa. Akinidaka, maana yake anasema mimi ni mwongo.

Nilikuwa naanguka, na ule mkono ulikuwa bado haujaamua.